Miraba 32 ya kroshia inayolingana: nilivyoipata

Mto mmoja wa sentimita 45 unataka miraba 16 mbele na 16 nyuma, kila mmoja sentimita 11. Minne kwa minne inatoa 44, na ile moja iliyopungua ni ya makusudi, kifuniko kibane mto kisilegee. Kufuma mraba mmoja ni jambo jepesi. Shida ni wa 32 kutoka sawa na wa kwanza: kila mmoja ukizidi nusu sentimita tu, safu ya miraba minne imeshazidi sentimita mbili, na hapo kifuniko kinaanza kukunjamana. Mimi ilinichukua muda kupata mkono wa kuisawazisha.

Natumia uzi wa unene wa kati, ule ulioandikwa DK kwenye lebo, na sindano ya kroshia ya milimita 4, ya alumini. Nanunua uzi wote kwa pamoja na kulinganisha namba ya loti, si namba ya rangi peke yake. Rangi moja ikitiwa mara mbili kiwandani haitoki sawa kabisa, na ukipungukiwa huku Lamu, huo wa kuagiza Mombasa ukivuka gati la Mokowe kuja kisiwani huenda ukawa wa loti nyingine. Kujua kiasi, fuma miraba kumi ya majaribio, ipime kwenye mizani ya jikoni, gawanya kwa kumi, zidisha kwa 32, kisha ongeza moja ya kumi kwa ajili ya kuunganisha.

Rangi nazichagua kama leso. Mzunguko wa kwanza na wa pili ni mji, yaani sehemu ya kati, wa tatu unautenga mji na pindo, wa nne ni pindo lenyewe, yaani ukingo. Mji ubadilishe upendavyo, hata kwa mabaki ya uzi, lakini pindo liwe rangi moja kwa miraba yote. Pindo ndilo linaloifanya ionekane ya mto mmoja.

Mshono mkuu nauita nguzo: zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza, vuta kitanzi, sasa una vitanzi vitatu, pitisha uzi kwenye viwili, kisha kwenye viwili vilivyobaki. Anayesoma maelezo ya nje aangalie hapa, maana mshono huu Uingereza huitwa trebo na Marekani huitwa dabo. Ukikosea, mraba wako utakuwa mfupi sana au mrefu sana tangu mwanzo.

Anza na mnyororo wa vipingili 4, ufunge uwe pete. Mzunguko wa kwanza: vipingili 3 vinavyohesabiwa kuwa nguzo ya kwanza, nguzo 2, vipingili 2 vya pembe, kisha mara tatu, nguzo 3 na vipingili 2. Fungia kwenye kipingili cha tatu cha mwanzo. Hesabu: nguzo 12, pembe 4.

Hapa ndipo miraba yangu ilipokuwa ikiharibika. Nilikuwa naendelea mzunguko wa pili upande uleule, na kufika wa nne mraba umejipinda kama feni, pembe zote zimekimbilia upande mmoja. Si kosa la mkono. Kwa anayefuma kwa mkono wa kulia, kila nguzo inakaa ikiegemea kidogo upande mmoja, na mizunguko yote ikienda njia moja maegemeo hayo yanajumlishwa. Dawa ni kugeuza kazi kila mwisho wa mzunguko. Wa kwanza unaegemea huku, wa pili kule, na mraba unatulia.

Kugeuza kuna faida nyingine: ukigeuza, pembe uliyomaliza sasa hivi iko mbele ya sindano yako. Telezesha mshono mmoja ndani yake, vipingili 3, nguzo 2. Hiyo ni nusu ya pembe. Kipingili 1, kisha pembe inayofuata kamili: nguzo 3, vipingili 2, nguzo 3. Endelea hivyo, ukirudi ulipoanza weka nguzo 3 katika shimo lilelile, vipingili 2, fungia. Pembe imetimia bila kuonyesha kiungo. Mzunguko wa tatu na wa nne ni vilevile, ila kila shimo la ubavuni linapata nguzo 3. Nguzo zinakwenda 12, 24, 36, 48. Zisipofika, usiendelee, rudi uhesabu. Mara nyingi ni shimo la ubavuni lililorukwa jirani na pembe.

Pima mapema. Kwa mkono wangu mzunguko wa pili unafika sentimita 6 na kitu, wa nne 11. Ukizidi kwenye wa pili, fumua hapohapo. Pima na mshazari: kwa ubavu wa 11, pembe hadi pembe ni sentimita 15 na nusu, njia zote mbili. Mraba ukiwa kama bakuli, vipingili vya pembe vimekazwa. Ukifanya mawimbi ukingoni, kipingili kati ya mafungu ya nguzo tatutatu kimelegea. Usikifume kabisa, mafungu yashikane.

Miisho ya uzi iache na sentimita 15, uifiche kwa sindano ya kushonea: nenda, rudi, nenda tena. Akriliki, yaani uzi wa sintetiki, inateleza, ukipitisha mara moja tu itachomoza baada ya kufuliwa mara chache.

Kunyoosha ndiko kunakomaliza kazi. Nilianza na pini za kawaida, na kwa hewa hii ya chumvi ziliacha doa la kutu kwenye pindo jeupe, doa lisilotoka. Sasa nina kipande cha ubao chenye matundu manne, sentimita 11 kutoka moja hadi jingine, na vijiti vinne vya mishikaki vilivyosimama humo. Navisha miraba sita mmoja juu ya mwingine. Ya pamba naitia maji kwanza, naikamua kwa taulo, naianika kivulini, maana jua linapausha rangi. Wakati wa masika huchukua hata siku mbili. Ya akriliki pasi isiiguse: shikilia pasi ya mvuke juu yake kidogo, sekunde chache. Ukizidisha joto uzi unalegea moja kwa moja na haurudi.

Kuunganisha nashona kwa sindano, pande za juu zikitazamana, nikishika uzi wa nyuma tu wa kila mshono ili pindo lisiinuke. Safu zote za kulala kwanza, kisha za kusimama. Katika makutano ya pembe nne nakaza mara mbili, la sivyo panabaki shimo.

Mto wa ndani ukiwa wa sufi, uwe na foronya yake ya pamba iliyoshonwa kabisa, kwani sufi hupenya kwenye matundu ya kroshia. Foronya hiyo iwe ya rangi ya pindo. Itaonekana kila penye tundu.