Chungu wa Juu ya Mwembe: Kumbukumbu ya Kuwatafutia Jina

Machi 2

Nianze na kosa langu kabla sijalisahau. Ule mzigo mweusi uliokaa kwenye panda ya mwembe nyuma ya nyumba, hapa Pongwe, Tanga, miaka yote nimeuita kichuguu cha mchwa. Ni mkubwa kama mpira wa miguu, rangi yake kama kahawa iliyoungua, na ukiugusa unavunjikavunjika kama boksi kuukuu lililonyeshewa. Mchwa wa juu ya miti wapo kweli pwani hii na hujenga vitu vya namna hiyo, kwa hiyo sikuwahi kupanda kuangalia.

Leo nimeukwangua kwa fito. Walitoka chungu weusi, wadogo, wengi mno, kila mmoja kainua tumbo juu ya kichwa kama nge. Nikashuka haraka kuliko nilivyopanda. Mzee wa jirani alikuwa ananitazama kupitia ua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unachokoza nini huko?"

"Majimoto, babu. Wamenimaliza."

"Majimoto gani hao, mjukuu wangu? Majimoto anashona. Hawa wanapiga lipu."

Nimeyaandika maneno yake kwenye jalada la daftari.

Machi 9

Vifaa: brashi ya kuchorea iliyochovywa spiriti, vichupa vya dawa ya sindano vilivyooshwa, kioo cha kukuzia, na hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta. Chungu akiguswa na brashi yenye spiriti ananasa, unamtikisia ndani ya kichupa. Somo la kwanza: lebo iandikwe kwa penseli. Mimi niliandika kwa kalamu ya wino nikaitumbukiza humo humo. Kesho yake spiriti ilikuwa ya bluu na karatasi haina neno.

Kwa kulinganisha, nimekusanya na majimoto wenyewe kutoka kwenye mchungwa wa shangazi yangu kule Muheza. Walikuwa kazini. Vibarua kama kumi wamejipanga ukingoni mwa jani, miguu imeng'ang'ania jani moja, taya zimebana jani la pili, wanavuta. Nyuma yao wengine wamebeba watoto wao, wale viluwiluwi weupe, wanawapitisha huku na huku kwenye mshono. Uzi hutoka kwa mtoto, mkubwa hana. Babu alisema kweli, wanashona.

Machi 16

Siku ya kiuno. Niliwahi kudhani utambuzi wa chungu unaanza na rangi, ukubwa na jinsi anavyouma. Kumbe swali la kwanza kabisa ni: kati ya kifua na tumbo kuna vifundo vingapi?

Majimoto ana kimoja, kirefu na cha chini. Ndilo jina lake la spishi hilo, *longinoda*, yaani fundo refu. Latreille, mtaalamu wa wadudu, ndiye aliyempa mwaka 1802, akamweka kwenye jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) *Formica*, ambako enzi hizo aliwekwa karibu kila chungu. Baadaye, mwaka 1860, mtaalamu mwingine, Smith, akaunda jenasi *Oecophylla*, kwa Kigiriki nyumba na jani, na *longinoda* akahamia huko. Spishi zilizo hai za jenasi hiyo ni mbili tu dunia nzima: huyu wetu wa Afrika, na *smaragdina* wa Asia na Australia. Kwa hiyo ukishajua kwamba ni *Oecophylla* na umesimama Tanga, kazi imekwisha. Raha iliyoje.

Wa kwenye mwembe ana vifundo viwili. Hiyo peke yake inamtoa kwenye nusufamilia ya majimoto, Formicinae, na kumwelekeza Myrmicinae, ingawa si wao peke yao wenye vifundo viwili. Cha kwanza ni bapa, hakina nundu juu, kama kijiko kilichofunikwa. Cha pili ni kama ushanga. Hapo nilikaa nusu saa nikizungusha mwanga wa tochi, kwa sababu ushanga ule haujaungana na tumbo kwa mbele kama nilivyotarajia. Umeungana nalo kwa juu, mgongoni mwa tumbo lenyewe. Ukimtazama kutoka juu, tumbo lina umbo la moyo, bapa upande wa juu, limechongoka mwishoni. Ndiyo maana anaweza kulikunja likapita juu ya kichwa: bawaba yake iko juu.

Jenasi yenye kiuno cha namna hiyo ni moja tu, *Crematogaster*. Lund aliipa jina mwaka 1831, na maana yake ni tumbo la kuning'inia. Hata mwiba wa wengi wao si wa kuchoma. Ncha yake imepanuka kama mwiko, wanampaka adui sumu. Nami nimepakwa.

Vipande vya kipapasi: nilihesabu 10, nikarudia nikapata 11. Kipande kidogo kabisa kilijificha penye kiwiko. Kumi na moja ndiyo kawaida ya wengi wa jenasi hii, majimoto ana 12.

Machi 23

Wiki mbaya. Chungu mkavu hachomwi pini, ni mdogo mno. Anagundishwa kwenye ncha ya kipembetatu cha karatasi ngumu, kisha pini inapita kwenye karatasi. Mimi kwa haraka nilitumia supagluu. Ikatambaa chini ya mwili na kujaa pale pale kwenye vifundo, ikakauka kama kioo. Vielelezo vinane, na vyote vimefunikwa sehemu ile moja ninayoihitaji. Sasa natumia gundi nyeupe ya maji, tone dogo, chini ya kifua kati ya miguu. Ukikosea, maji ya uvuguvugu yanaiachia.

Kisha usiku wa Alhamisi sisimizi wa nyumbani waliingia kwenye sanduku wakala vielelezo vingine vitano, wakaniachia pini na vipembetatu. Nilikasirika, halafu nikawakamata wachache. Wengine wadogo, wengine na vichwa vikubwa visivyolingana na mwili: jenasi *Pheidole*, wenye askari. Pwani yetu *Pheidole megacephala* ana historia. Miaka ya 1950 mtafiti Way alichunguza minazi ya Zanzibar, akaona kwamba penye majimoto juu ya mnazi, yule kunguni anayefyonza nazi changa hadi zinadondoka hapati nafasi, na penye *Pheidole* shinani majimoto wanafukuzwa. Kunguni mwenyewe aliitwa *Pseudotheraptus wayi*, kwa heshima ya Way. Sijui kama mtu anapaswa kufurahi jina lake likibandikwa kwa mharibifu wa nazi.

Miguu ya meza sasa imesimama kwenye makopo ya maji, kama kabati la vyakula la bibi. Nafutalini iko ndani ya sanduku, kwa ajili ya wadudu na hii harufu ya uvundo inayokuja na masika.

Aprili 6

Mvua. Kiota kimelowa lakini kimesimama, na pale nilipokwangua wameshaziba. Kiraka ni cheusi zaidi ya ukuta wa zamani. Ndani kuna vyumba vidogo vyenye kuta nyembamba za nyuzi za mimea zilizotafunwa.

Aprili 20

Nimegonga ukuta wa spishi. *Crematogaster* ina mamia ya spishi, Afrika ni mojawapo ya ngome zake, na rangi haisaidii: ndani ya kundi moja unaweza kukuta weusi, wekundu na wa rangi mbili. Watu wa zamani walilimaliza tatizo kwa kugawa majina. Forel, Emery na Santschi, wataalamu wa chungu, waliwapa chungu majina ya ngazi nne: jenasi, spishi, nususpishi, na aina. Sheria za leo za majina ya wanyama hazihesabu ile ngazi ya nne iliyotolewa hivyo, lakini msitu wa majina umebaki. Santschi alikuwa daktari aliyeishi Kairouan, Tunisia, na ndiye aliyeonyesha mwaka 1911, kwa kutumia kioo, kwamba chungu hushika njia kwa kuangalia jua. Jaribio lile nalipenda sana. Orodha yake ya *Crematogaster* siipendi hata kidogo.

Nafuu kidogo: mwaka 2012 mtafiti Blaimer alizipunguza nusujenasi, yaani mafungu ndani ya jenasi, zikabaki mbili. Lakini kutoka hapo hadi spishi njia ni ndefu. Nimelinganisha picha za AntWeb, tovuti ya picha za chungu, hasa za vielelezo vya kwanza vilivyotumika kutolea majina, kwa pande tatu: uso, ubavu na mgongo. Kila nikipata anayefanana kwa ubavu, uso unakataa.

Mei 4

Nimekusanya kiota cha pili, kwenye mti wa mkungu, Raskazone, hapa Tanga. Kwa macho ni wale wale. Chini ya hadubini miiba miwili ya nyuma ya kifua ndiyo iliyonishtua. Wa mwembe wana miiba mirefu iliyopanuka pembeni kama pembe za mbuzi. Wa mkungu wana vijino tu, na kifua chao kina nywele zilizosimama ambazo wa mwembe hawana. Nimeangalia 12 kutoka kila kiota, hakuna hata mmoja wa katikati. Mwezi uliopita ningewatia kichupa kimoja.

Lebo za leo: *Crematogaster* sp. 1, Pongwe, mwembe, panda ya mita 3, *Crematogaster* sp. 2, Raskazone, mkungu. Rafiki yangu ameniuliza kama hiyo "sp.", yaani spishi ambayo jina lake silijui bado, si namna ya kukwepa. Nimemjibu kwamba ningekuwa nakwepa, ningeandika jina.

Yaliyobaki mezani: kupima upana wa kichwa na urefu wa miiba kwa vielelezo 20 vya kila kiota; kumtafuta malkia wa Pongwe bila kubomoa kiota chote; kuweka vichupa viwili vya spiriti ya asilimia 95 kwa atakayetaka kusoma DNA. Na babu amesema kuna lipu nyingine kwenye mkorosho wake, nyekundu. Jumamosi nakwenda, mara hii na shati la mikono mirefu.