Duara la Bluu

Watoto waliofurika darasa la kwanza mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, mimi niliwapokea mwaka uliofuata, darasa la pili, huku pembezoni mwa Dar es Salaam. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nilikuwa na 108. Waliokosa madawati walikaa chini mbele kabisa, wananichezea pindo la gauni nikiwa naandika ubaoni.

Kusahihisha kwangu kulikuwa kwa mbio: jibu kichwani, kalamu nyekundu mkononi, vema, kosa, vema, kosa, lete lingine. Mpaka siku ya kuku.

Swali: Mna kuku 6. Mkichinja 2, watabaki wangapi? Mvulana mmoja mtaratibu, ambaye hesabu hazimsumbui hata kidogo, akaandika 6. Nikamwekea kosa. Mapumziko akanifuata, daftari kalifungua palepale.

"Mwalimu, kwetu kuku hawachinjwi. Mpaka Idi."

Nikamwambia haya, mwanangu, fanya leo ni Idi. Akafikiri kidogo.

"Idi tunachinja mmoja."

Ofisini tulicheka sana, lakini usiku lile kosa likanirudia. Kutoa anajua, alichogoma ni kumalizia mama yake kuku.

Basi nikanunua kalamu ya bluu. Jibu likinishangaza, nyekundu siigusi. Nalizungushia duara la bluu, na mwenye duara anakuja mezani kwangu wakati wenzake wamepanga foleni ya uji. Nisomee ulichoandika, halafu nieleze. Niliogopa watakuwa wengi, kumbe kwa siku ni saba, nane hivi, na kila mmoja dakika moja inamtosha. Wiki ya kwanza wawili walilia wakidhani duara ni adhabu. Wiki ya tatu binti aliyepata vema zote akaja kanuna: "Mwalimu, mbona mimi hujaniwekea duara?"

Vinyume ndivyo vilivyokula kalamu ile. Kinyume cha "njoo", mmoja akaandika "sitaki". Kinyume cha "cheka", msichana akaandika "nyamaza". Nikamuuliza kwa nini. "Tukicheka, wewe unasema nyamaza." Hapo kosa ni la nani? Nikampa vema yake, na "lia" nikaiandika pembeni ili aijue.

Lakini si kila duara liligeuka vema, maana mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ananiambia nawadekeza, mtihani wa darasa la nne hauna kalamu ya bluu. Kwa hilo alikuwa na haki. Tunapata maziwa kutoka kwa nani? Mtoto kajaza "mangi", yaani mwenye duka la mtaani. Sasa kwa mtoto wa mjini, huo ni ukweli mtupu.

"Na mangi anayatoa wapi?"

"Kwenye friji."

"Kabla ya friji?"

"Yanakuja na gari."

"Na gari limeyatoa wapi?"

Uji ukaanza kupoa. Tulipofika kwa ng'ombe alinitazama kama nimemtania, na vema nilimpa pale tu alipofuta mangi na kuandika ng'ombe kwa mkono wake. Akaacha mangi anasomeka kwa chini, nadhani kwa makusudi.

Malaria ikanilaza wiki nzima. Niliporudi nikakuta vikaratasi mezani, na kimoja bado ninacho: "Mwalimu pona haraka tunakupeda. Mwalimu mwigine hajui majina yetu anatuita wewe." Watoto wengi wa umri huo huidondosha n ikitangulia d au g, na m ikitangulia b: wanaandika nyuba, ng'obe, kupeda. Kukaripia hakusaidii. Nilimwita mwandishi wa barua, nikamwambia bana pua, sema penda. Ikatoka "peda". Achia pua, sema tena. Macho yakamtoka! Siku ile darasa zima lilishinda limeshika pua, mwalimu mkuu akapita dirishani akauliza kuna harufu gani.

Ile picha, hata hivyo, ndiyo niliyotaka kuisimulia tangu mwanzo. Niliwaambia wachore familia zao. Binti mmoja mpole, wa kukaa nyuma, akachora mama, bibi, yeye mwenyewe, na mbuzi mkubwa kuliko wote, mwenye kope. Juu kabisa, kwenye kona ya karatasi, kulikuwa na kitu kama njiti ya kiberiti chenye kofia. Nikaweka duara.

"Huyu nani?"

"Baba."

Nikanyamaza. Mwalimu unakuwa na mawazo yako ukiona baba kawekwa kona, mdogo kama sisimizi. Nikauliza taratibu, mbona baba mdogo hivi?

"Yuko Mtwara, anajenga," akasema. "Yuko mbali."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi yuko karibu."

Mtoto wa miaka minane, hakuna aliyemfundisha kwamba kitu kikiwa mbali huonekana kidogo. Nikampa vema mbili.

Kabla ya kufunga shule nikawapa kazi ileile tena. Safari hii baba alikuwa katikati, mrefu, kofia yake inagusa ukingo wa karatasi, mama na bibi huku na huku, binti kashika mkono wake. Wote wanacheka mpaka meno yanaonekana.

Mbuzi hakuwepo. Duara sikuweka.