Mkono Shimoni

Ramadhani ya 2014 ikiwa ukingoni, baba alitia mkono katika shimo la kaa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa amepita hamsini, na tangu ujana wake alikuwa mvuvi wa usiku.

Mvuvi wa nyavu hulipenda giza, zile siku za mwisho wa mwezi. Mbalamwezi ikiwaka samaki huuona wavu, akaupisha. Lakini Juni ile Mpeketoni, mji wa huku kwetu Lamu, ilishambuliwa, watu wengi wakauawa, na mwezi uliofuata ikaja kafyu Lamu nzima. Jua likitua, kila mtu ndani. Mashua yetu ikalala ufukweni, giza zuri la kuvulia likapita hivi hivi juu ya paa. Tulidhani ni jambo la wiki chache. Marufuku ya kuvua usiku ilikwenda miaka.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nimerudishwa nyumbani kwa karo. Nilishinda dakani nikimtazama baba akishona wavu usio na tundu hata moja. Anafumua, anashona tena. Watu wakimuuliza hali, jibu lilikuwa moja: "Kheri." Mchele ukiisha, "Kheri, Mngu yupo." Sifichi, neno lile lilinichoma. Nililiona la mtu aliyeshindwa na anayetafuta pa kuficha uso.

Siku mbili kabla ya Idd, jua limeshachomoza, akanigusa bega.

"Amka, mwanangu. Leo bamvua, maji yatakupwa sana. Twende kisiwani Manda tukatafute kaa."

Kaa! Kwetu ile haikuwa kazi ya mwenye mashua. Nilitazama chini tulipopita mbele ya wenzake pale gatini.

Tuliingia mkondo wa Takwa, kule Manda, maji yakitoka, na kufikia saa nne mikoko ilikuwa imesimama juu ya mizizi mitupu. Tope lilitufika magotini. Baba alikuwa na mti wenye kulabu, ila hakujua kuutumia; kila akiuchomeka shimoni unatoka na tope. Mwisho akauweka kando, akakunja mkono wa kanzu yake kuukuu, akapiga magoti.

"Baba, hujui mna nini mle."

"Giza ni giza," akasema. "La bahari nimelizoea, na hili nitalizoea."

Akasema bismillahi, mkono ukazama hadi kwapani, shavu limelala topeni. Alinyamaza kitambo. Kisha uso ukamkunjamana, akatoka na kaa mkubwa kama sahani, gando limemng'ata dole gumba. Tulihangaika kulibandua. Damu ikatiririka. Akalipeleka dole mdomoni alinyonye, akakumbuka saumu, akalishusha taratibu, akanitazama kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Tukacheka, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu Juni.

"Kheri," akasema. Safari hii haikunichoma.

Tulirudi na kaa saba, tumewafunga magando kwa ukindu. Mnunuzi aliwapima, akatoa bei yake, baba hakubishana. Karo haikupatikana pale, hata robo yake. Muhula ule sikurudi darasani. Mama alipata unga, sukari na tambi za Idd.

Usiku, kafyu imeshauzima mji, nilimsikia akimwomba mama kitambaa cha kufungia dole. Halafu akaniita kutoka chumbani mwake:

"Mwanangu, lala mapema. Bamvua halijesha."