Maji Hayajalingana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Zaburi 40:1-2: "Nalimngoja Bwana kwa saburi, akaniinamia akakisikia kilio changu. Akanipandisha toka shimo la uharibifu, toka udongo wa utelezi..."

Jumamosi nilikuwa Tardebigge, kusini mwa Birmingham, hapa Uingereza. Mfereji uliokamilika mwaka 1815 unapanda kilima pale kwa loki 30 zinazofuatana, jumla ya mita 67 hivi. Loki ni chumba chenye kuta imara na malango mbele na nyuma. Mashua hufungiwa humo, kisha maji huipandisha au huishusha.

Niliitazama moja ikipanda. Ni mashua nyembamba, upana wake mita mbili na ushei, na chumba kimeizidi kidogo tu. Mzee mmoja aliiingiza taratibu, malango ya nyuma yakafungwa, naye akabaki kule chini kama mtu aliye kisimani. Kuta zilichuruzika maji, zimeota mwani, giza. Shimo la Daudi nililiona kwa macho.

Mkewe alikuwa juu. Alizungusha mkono wa chuma, vilango vidogo vya chini vikafunguka, maji yakaingia kwa kishindo hadi mashua ikayumba. Kisha akaenda kwenye boriti ndefu ya lango la mbele, akaiegemea kwa mgongo, akatulia. Nilidhani amechoka. Nikakimbilia kumsaidia, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Lango halikutikisika. Akaniambia kwa upole kwamba maji hayajalingana: maji ya juu ndiyo yanayolibana, hata tungekuwa watu kumi tusingelifungua. Baada ya dakika chache chombo chenye uzito wa tani nyingi kilikuwa kimefika juu, mbele ya macho yetu, bila mtu kukinyanyua. Lango likalegea. Bibi yule akalisogeza kwa mgongo wake tu.

Wapendwa, mimi na kaka yangu hatujasemezana tangu tulipomzika baba. Ni habari ya shamba. Mwaka wa pili huu. Nimetuma wazee, nimemwandikia jumbe ndefu zenye mistari ya Biblia, nimempigia hata mchungaji wake. Kila nilipozidisha, naye alizidi kujifunga. Nikawa nalia mbele za Mungu kwamba moyo wa ndugu yangu ni mgumu, kumbe nasukuma lango huku maji yangu yako juu na yake yako chini. Nilitaka anisamehe, lakini nilitaka pia nionekane nilikuwa na haki.

Lakini bibi yule hakungoja bure. Alikuwa ameshafungua vilango vya chini. Bila hivyo angeegemea boriti ile hadi usiku. Hilo ndilo lililoninyima usingizi Jumamosi. Nimemngoja Bwana miaka miwili bila kuyaachia maji yangu.

Jumapili baada ya ibada nilimwandikia kaka: shamba alime yeye msimu huu, sidai kitu, na shikamoo. Sikuweka mstari wowote wa Biblia. Ujumbe ameusoma. Hajajibu.

Naomba mniombee wiki hii nisiandike wa pili.