Niliishia 631

Jana usiku binti yangu wa darasa la sita aliniuliza kama 91 ni namba tasa. Nikajibu ndiyo, macho yangu yakiwa kwenye simu. Akanyamaza kidogo. "Baba, si ni saba mara kumi na tatu?" Mama yake akacheka huko jikoni alikokuwa anakaanga dagaa, na harufu ile ikanirudisha Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika.

Likizo ile ya Desemba mwalimu alituandikia ubaoni 4,294,967,297. Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mfaransa wa miaka ya 1600, Fermat, aliamini ni tasa. Atakayerudi na jibu atapewa kaunta buku.

Kikokotoo sikuwa nacho. Nilikuwa na penseli, karatasi ya mfuko wa saruji, na kazi ya kufukuza kunguru kwenye dagaa wa mama. Nikaanza kuigawa kwa 3, nikaenda 5, 7, 11. Ukikosea tarakimu moja, unarudia yote.

Siku niliyofika 631 ninayo hadi leo. Nimepiga magoti mchangani, karatasi nimeibana kwa mawe mawili. Baki 173. Nikaizungushia duara, nikalowesha ncha ya penseli ulimini, nikaandika 641 na kuchora mstari wa kugawia. Tone la kwanza likadondoka juu ya ile 6. Karatasi ikavimba pale pale, ikawa nyeusi. Nikainua kichwa: milima ya Kongo haionekani tena, ziwa limekuwa rangi ya jivu na mvua inakuja mbio juu yake. "We mtoto, dagaa!" Mama alishafika kwenye chanja, khanga kaikaza kiunoni, anakomba dagaa kwa mikono miwili. Nikakimbilia turubai. Niliporudi, hesabu zangu zilikuwa uji uliokanyagwa na ndala.

Sikuendelea. Ili kuwa na uhakika ningepaswa kufika karibu 65,536, na likizo ilikuwa inaisha. Nikajiambia namba iliyozishinda namba tasa 114, basi na yenyewe ni tasa.

"Ni tasa, mwalimu." Akaniuliza nimeishia wapi. Nikasema. Akaandika 641 ubaoni, mara 6,700,417, akaenda kuketi. Euler, mwanahisabati Mswisi, alishaipata mwaka 1732.

Ukubwani ndipo nikasoma kwamba kigawo chochote cha namba ile, ukikitoa 1, lazima kinachobaki kigawanyike kwa 64. Kwa hiyo za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Tano tu! Mimi na kunguru wangu tulijaribu 114.

Leo asubuhi nimempigia mama. Mvua ile haikumbuki kabisa.

"Dagaa walilowa?"

"Hapana mama, tuliwahi wote."

"Sasa unalalamikia nini?"