Inuka, Ule: Tafakari ya Juma kwa Madereva wa Masafa Marefu

Somo: 1 Wafalme 19:4–8

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Elia alikuwa ametembea mwendo wa siku nzima jangwani alipoketi chini ya mretemu akamwomba Mungu aitwae roho yake. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa mshindi juu ya Mlima Karmeli. Angalieni basi alivyotendewa. Hakukemewa kwa kukosa imani, wala hakupewa ujumbe wa kupeleka popote. Aliachwa alale. Malaika akamgusa ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akalala tena, akaguswa mara ya pili ale, kwa kuwa safari iliyobaki ilizidi nguvu zake. Maneno ya Mungu kule Mlima Horebu yalikuja baadaye, mwili ukiwa umeshapata haki yake.

Tunawaandikia ninyi wa trela mnaoegesha Mlolongo, Embakasi na Athi River, pamoja na jamaa zenu. Wengi huomba kabla ya kuwasha gari, na ni vyema. Lakini ombi la ulinzi halikai mahali pa usingizi. Anayetoka Mombasa jioni ana karibu kilomita 480 hadi Nairobi, na saa nzito kuliko zote ni kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, mwili unapodai kulala hata kama ulilala mchana. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha lori, kusinzia sekunde 4 tu ni karibu mita 90 gari likijiendea lenyewe.

Dalili hutangulia: miayo, kutokumbuka mji uliopita sasa hivi, tairi kugusa ukingo wa lami, kumfokea tanboi kwa jambo dogo. Hasira hiyo mara nyingi ni usingizi tu, na ndugu wengi wameitubu kama dhambi wakati dawa yake ilikuwa kitanda cha nyuma ya kiti. Egesha penye taa na mlinzi, Voi, Mtito Andei au Emali. Vuta breki ya mkono, weka vizuizi vya magurudumu, kunywa kikombe cha kahawa kisha ulale papo hapo dakika 20. Kahawa huanza kufanya kazi karibu na wakati wa kuamka. Ukipitiliza hadi dakika 40 au 50 utaamka mzito, basi tembea kulizunguka gari robo saa kabla ya kushika usukani. Hayo yatakufikisha mahali pa kulala usingizi kamili wa saa 7. Hayaufuti.

Muguka na miraa hupandisha mapigo ya moyo na presha, huondoa njaa, na deni la usingizi hubaki lilivyokuwa. Ukifika, macho hayafungi, wengine hutafuta pombe ili walale, na safari inayofuata inaanza na deni la safari mbili. Tunalisema hili kwa upendo kwa sababu linamaliza watu wetu.

Wasiwasi mwingine huzaliwa na jambo ambalo halikukaguliwa. Lori la ekseli 6 huruhusiwa tani 50 kwa jumla, ekseli ya mbele tani 8. Kontena lililopakiwa likaelemea upande mmoja linaweza kuzidi kwenye ekseli moja ilhali jumla iko sawa, na moyo utakudunda hadi mzani wa Mariakani. Uliza uzito ukiwa bado depo. Toa maji kwenye matangi ya upepo wa breki, gonga nati za magurudumu, weka stakabadhi pamoja.

Kuna na shinikizo la dizeli. Anayehesabiwa lita hujaribiwa kuachilia gari fri, yaani bila gia, kwenye mteremko wa Salgaa ili abakize kidogo. Gia ikitoka, injini haishiki tena, na tani zote 50 huangukia breki peke yake. Ngoma za breki hupata moto, laini za breki zinazosugua ngoma hupoteza mshiko, na ukitaka kurudisha gia mwendo umeshakuwa mkubwa, haiingii. Punguza gia kabla ya mteremko kuanza, tumia breki ya injini. Ukibanwa kwenye foleni au umefokewa kwenye simu, vuta pumzi kwa tumbo ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mara kumi.

Kunywa maji kidogo kidogo, usijinyime kwa kuogopa kusimama. Pima presha kila mwezi. Ikirudia kufika 140/90, muone daktari.

Ninyi wa nyumbani, habari ya karo na kodi ya nyumba isimfikie kwenye usukani. Mwandikieni ujumbe, apige akishaegesha. Na akisema kama Elia, kwamba imetosha na heri afe, msimjibu kwa aya na kukata simu. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Aegeshe, funguo akabidhiwe mtu mwingine, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Ee Bwana, uliyelala juu ya mto katika shetri dhoruba ikivuma, wape watumishi wako walioko barabarani usiku huu mahali salama pa kuegesha, chakula cha moto, na mtu wa kuwagusa bega. Amina.