Moshi Sina Mtu, Naenda Kupanda Treni

Kwetu Tanga safari lazima iwe na sababu: msiba, harusi, mgonjwa, mzigo au barua ya kazi. Mama mkubwa aliponiona nafunga mkoba likizo ya Juni aliuliza, "Moshi kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Sasa unaendea nini?"

"Naenda kupanda treni. Nikifika nalala, kesho yake narudi."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama nimegombana na mtu kazini.

Kwa mwanamke anayetaka kusafiri peke yake na taratibu, hapo ndipo penye kazi. Nauli inapatikana, siku zinapatikana, ila ruhusa ya kwenda mahali bila haja hakuna anayekupa. Zamani nilikuwa natunga sababu, na nikiitunga lazima niitimize: nikisema namtembelea binamu, basi nitamfikiria binamu njia nzima, nitamletea samaki, nitahesabu saa. Safari hii nilisema kweli. Nikamwandikia mama mkubwa majina ya stesheni kwenye karatasi, kwa mpangilio: Korogwe, Mombo, Hedaru, Makanya, Same, Kahe, Moshi. Aliisoma yote, akaikunja, akasema, "Ukifika Same unipigie, hata kama ni alfajiri."

Treni yenyewe inatoka Dar es Salaam. Inapita Ruvu, inavuka Wami, halafu karibu na Mnyusi inaingia kwenye reli yetu ya Tanga kwa kipande kilichojengwa mwaka 1963. Abiria walikaa zaidi ya miaka 20 bila huduma hii, ikarudi Desemba 2019. Mimi natoka Tanga mjini kwa basi mpaka Korogwe, nasubiri hapo usiku. Anayetaka kuwahi Moshi apande basi la asubuhi moja kwa moja, wala hakosei.

Sikuchukua kitanda. Nilitaka dirisha, upande wa kulia ukielekea Moshi, kwa sababu milima yote iko huko: Usambara kwanza, kisha Upare, mwisho Kilimanjaro. Nilibeba chupa ya chai ya tangawizi, chapati, mayai ya kuchemsha na kanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kukunja iwe mto. Simu nikazima data. Hilo nalishauri kwa moyo wote, maana ukiwa na ramani mkononi utakuwa unaangalia umebakiza kilomita ngapi, na utakuwa umeirudisha haraka uliyoikimbia.

Aliyekaa mbele yangu alikuwa mzee wa Kipare anayerudi kwao.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Unashukia wapi?"

Nikamwambia mpaka Moshi, kutazama njia tu. Hakushangaa. Alisema utotoni treni ikipita walikuwa wanaacha mbuzi na kukimbilia relini. Tukazungumza kidogo, tukanyamaza, tukazungumza tena. Kusafiri peke yako hakukulazimishi ukae bubu. Faida yake ni kwamba ukitaka kimya hakuna unayemnunisha.

Usiku tulisimama mahali muda mrefu. Reli ni moja, treni haiwezi kuendelea mpaka njia ya mbele iwe wazi. Kwenye basi ningekuwa nimeshaanza kuuliza kuna nini. Pale nilifungua dirisha. Harufu ya moshi wa kuni ilikuwa inatoka kwenye nyumba nisizoziona, na mtu wa reli alipita chini yangu na tochi, akimulika magurudumu behewa moja baada ya jingine, anainama, anaangalia, anasogea. Nilimfuata kwa macho mpaka behewa la mwisho.

Nikawa nawafikiria walioitandika njia hiyo. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Muheza ilifikiwa 1896, kampuni ya kwanza ikaishiwa fedha, serikali ya Ujerumani ikaichukua kazi mwaka 1899. Korogwe ni 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Miaka 18 kutoka baharini hadi Kilimanjaro, kwa majembe na migongo ya watu wa kwetu. Mimi nikae kwenye kiti usiku mmoja, ninung'unike?

Same babu alishuka na mabegi yake. Aliamka kabla breki hazijalia, wala hakuchungulia nje kujua tuko wapi. "Haya mwanangu, safari njema." Nikampigia mama mkubwa. Alipokea mlio wa kwanza.

Kulipokucha ndipo nilipopata nilichokifuata. Maeneo ya Kisangara kuna mashamba ya mkonge, na mkonge hupandwa kwa mistari iliyonyooka. Treni ikienda taratibu, kila mstari unafunguka mbele yako mpaka mwisho wake, unaona udongo mwekundu katikati na labda mtu anatembea huko ndani, halafu mstari huo unajifunga na unaofuata unafunguka. Kwenye basi ni kijani tu. Nilikaa na hilo mpaka chai ikapoa mkononi. Karibu na Kahe, mahali inapoungana njia ya reli ya Voi, Kenya, mlima ulikuwa wazi wote, theluji na mabega yake, kabla mawingu ya asubuhi hayajaufunika. Watu wengi behewani walikuwa wamelala, nikamwamsha dada wa jirani. Alinishukuru.

Moshi nilikula ndizi nyama, nikalala mchana kutwa. Kesho yake nikarudi na basi bila kinyongo.

Kipande cha Moshi kwenda Arusha, ambacho kilifika huko mwaka 1929, bado sijakipanda. Nauli ya Desemba nimeshaiweka kando, na safari hii mama mkubwa ameuliza kama kuna nafasi ya watu wawili. Nimemwambia atapata dirisha lake, mimi nitakaa la nyuma yake.